Kodi ya siku ishirini ni shilingi ngapi? Namna ya kukokotoa pango la mwezi usiotimia

Mama yangu ana nyumba ya vyumba sita Tabata, na daftari la kodi naliandika mimi tangu nilipomaliza kidato cha nne. Miaka yote hiyo sijaona mpangaji na mwenye nyumba wakigombana kwa kuwa mmoja wao hajui kugawanya. Kila simu ina kikokotoo. Wanagombana kwa kuwa mmoja kahesabu siku 19 na mwenzake 20, au huyu kagawa kwa 30 na yule kwa 31, na hakuna aliyemwambia mwenzake kabla hela haijatoka mfukoni. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye siku na kidogo tu kwenye hesabu.

Nazungumzia Dar es Salaam, kwa sababu ndiko ninakokujua. Hapa mtu akipanga hulipa miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mwezi wake huanzia siku aliyoingia. Aliyeingia tarehe 17 Aprili, mwezi wake wa kwanza unaisha tarehe 16 Mei, haijalishi kalenda ya ukutani inasemaje. Ndiyo maana wengi hukaa miaka bila kukutana na mwezi pungufu. Unajitokeza pale mwenye nyumba anapotaka wapangaji wote walipe tarehe moja, au mpangaji anapohamishwa kikazi kabla miezi yake haijaisha, au nyumba mpya haijakamilika na anaomba siku chache za kujishikiza. Hapo ndipo kila mtu anakuja na hesabu yake.

Hatua ya kwanza: kubalianeni siku ya kuanza na siku ya kuishia

Siku ya kuanza ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Kama mkataba hausemi, au hakuna mkataba, ichukueni siku ufunguo ulipokabidhiwa. Siku dalali alipokuonyesha chumba haihusiki, wala siku ulipoleta kitanda. Ukipewa ufunguo tarehe 8 ili ufanye usafi na kupaka rangi huku mmepatana kwamba kodi inaanza tarehe 12, hakikisha hiyo 12 imeandikwa mahali. Ujumbe wa simu unatosha. Nimewahi kumwona mtu akidaiwa siku nne alizokuwa anasugua ukungu wa mpangaji aliyemtangulia.

Siku ya kuishia ni siku ya kurudisha ufunguo. Vyombo vinaweza kuwa vimeondoka Jumamosi, lakini kama ufunguo umekaa kwako hadi Jumatano, mwenye nyumba hakuweza kumwingiza mtu mwingine, na siku hizo ni zako.

Sasa, je, siku ya kutoka inalipiwa? Utaratibu tunaoutumia nyumbani ni huu: ufunguo ukirudi kabla ya saa sita mchana, siku hiyo haihesabiwi, ukirudi baada ya hapo, inahesabiwa. Si sheria ya nchi, ni makubaliano yetu, nanyi mnaweza kuwa na yenu. Jambo la kuepuka ni siku moja kulipiwa na watu wawili. Aliyetoka asubuhi ya tarehe 12 akilipia tarehe 12, na aliyeingia jioni ile ile naye akailipia, mwenye nyumba amevuna siku 32 kwenye mwezi wa siku 31.

Hatua ya pili: hesabu siku, kisha ongeza moja

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Mtu ameingia tarehe 12 Machi na anatakiwa alipe hadi mwisho wa mwezi. Wengi watatoa: 31 kutoa 12, wanapata 19. Lakini ukitoa 12 umeitupa tarehe 12 yenyewe, ilhali usiku huo amelala humo. Jibu ni 20. Kanuni:

tarehe ya mwisho − tarehe ya kwanza + 1

Usipoiamini, hesabu kwa vidole: tarehe 12 hadi 14 ni siku tatu, ingawa 14 kutoa 12 ni mbili.

Siku zikivuka mwezi, zikate vipande viwili. Kuanzia 17 Julai hadi 5 Agosti: Julai ina 31 − 17 + 1, yaani 15, Agosti ina 5, jumla 20.

Hatua ya tatu: chagueni mnagawa kwa ngapi

Njia zinazotumika ni tatu, na kila moja ina mtetezi wake. Tuchukue chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi, na yule mtu wetu wa siku 20 za Machi.

Ukigawa kwa siku halisi za mwezi (Machi ina 31): 150,000 × 20 ÷ 31 = 96,774.

Ukigawa kwa 30, mwezi wowote ule: 150,000 × 20 ÷ 30 = 100,000.

Ukichukua kodi ya mwaka mzima, 1,800,000, ukagawa kwa 365: mara 20 ni 98,630.

Kati ya ya juu na ya chini pana shilingi 3,226. Si nyingi, ila ni nauli za daladala za siku kadhaa, na mtu aliyetoka kumlipa dalali kodi ya mwezi mzima hana hamu ya kuachia hata mia tano.

Mimi natumia siku halisi. Thelathini inapendwa kwa kuwa ni rahisi kichwani: laki na nusu kwa thelathini ni elfu tano kwa siku, mnamaliza mmesimama mlangoni. Ila ijaribu kwa Februari. Mpangaji aliyekaa siku zote 28 kwa elfu tano angedaiwa 140,000, mwenye nyumba amepoteza elfu kumi kwa mwezi uliotimia kabisa. Machi nayo, siku 31 zinakuwa 155,000, zaidi ya kodi yenyewe. Kipimo kinachokwambia mwezi mzima si mwezi mzima kina kasoro. Siku halisi hazina tatizo hilo: ukikaa zote, unarudi kwenye 150,000 ile ile.

Njia ya mwaka haina dhambi, lakini naiona kwa makampuni yanayopangisha maofisi. Kwa chumba cha uswahilini ni kumchanganya bibi wa watu bure.

Mkishaichagua, isibadilishwe katikati. Kuna wenye nyumba wanaogawa kwa 28 mtu akiingia Februari na kwa 30 akitoka Machi. Ukitazama vizuri utaona kila mara kigawanyo kilichochaguliwa ndicho kinachowapa zaidi.

Hatua ya nne: zidisha kwanza, gawanya baadaye

Kwenye simu bonyeza hivi, kwa mpangilio huu: kodi ya mwezi × siku ÷ siku za mwezi. Ukianza kwa kugawa utapata 4,838.70 na ushee, kidole kitakuwasha uiite 4,800, na mwisho wa siku ishirini utakuwa umekosea shilingi mia saba na kitu. Ukiiita elfu tano, umekosea elfu tatu. Punguza mikia mwishoni tu, na mara moja tu. Sisi tunapeleka kwenye mia iliyo karibu: 96,774 inakuwa 96,800.

Na kama inatumwa kwa simu, semeni mapema kama inatumwa "na ya kutolea". Mara nyingi makato hayo yanazidi zile shilingi mnazobishania.

Mwezi wa mpangaji una siku ngapi?

Kama kodi yako inaanzia tarehe moja, ruka sehemu hii. Wengine someni polepole.

Mwezi wa mpangaji aliyeingia tarehe 17 unaanza mwezi mmoja wa kalenda na kuishia mwingine. Kwa hiyo unagawa kwa siku za mwezi upi? Za ule ulioanzia. Mwezi wa 17 Aprili hadi 16 Mei una siku 30, kama Aprili. Wa 17 Julai hadi 16 Agosti una 31, kama Julai. Wa 17 Februari hadi 16 Machi una 28, au 29 kwa mwaka mrefu kama 2028. Hesabu mwenyewe uone, haikosei.

Inasumbua kwa aliyeingia tarehe 29, 30 au 31. Aliyeanza 31 Januari, mwezi wake wa pili unaanza lini, na Februari haina tarehe 31? Ukiweza, andikeni mkataba uanze tarehe 1 ya mwezi unaofuata, na hizo siku moja mbili za mwanzo zilipiwe peke yake au zisamehewe. Mama huwa anasamehe. Anasema mpangaji aliyeanza kwa neno zuri halipi kwa kuchelewa. Sina uhakika na hilo, lakini daftari lake linasomeka vizuri.

Kutoka kabla miezi haijaisha

Huu ndio mfano wenye hela nyingi ndani yake. Mpangaji kaingia 17 Aprili, kodi 200,000, amelipa miezi sita: 1,200,000. Miezi yake inaisha 16 Oktoba. Kapata uhamisho, na amerudisha ufunguo jioni ya tarehe 5 Agosti.

Miezi iliyotimia: 17 Aprili hadi 16 Julai, mitatu. Hiyo ni 600,000.

Mwezi usiotimia: 17 Julai hadi 5 Agosti, siku 20 kati ya 31. 200,000 × 20 ÷ 31 = 129,032.

Alichotumia ni 729,032. Kilichobaki ni 470,968.

Lakini kilichobaki si lazima kiwe kinachorudishwa. Kwanza tazama notisi. Tuseme mkataba unadai notisi ya mwezi mmoja naye aliitoa 20 Julai. Basi notisi inaisha 19 Agosti, na anahesabiwa hadi siku hiyo hata kama hayumo ndani: miezi minne kamili hadi 16 Agosti, 800,000, halafu tarehe 17, 18 na 19, siku tatu kati ya 31, 19,355. Jumla 819,355, na kinachobaki ni 380,645. Notisi iliyochelewa imemgharimu shilingi 90,323. Ndiyo maana ukinusa tu harufu ya uhamisho, andika notisi kabla hata barua haijafika mezani kwako.

Pili, soma mkataba unasemaje juu ya kurudisha kodi. Mingi ya hapa mjini, ile ya kununua dukani na kujaza kwa peni, haisemi kitu, au inasema kodi ikishalipwa hairudishwi. Ikiwa hivyo, hesabu yako ya 380,645 ni ya kwenda nayo kwenye mazungumzo, si ya kwenda nayo kudai. Njia ambayo huwa inafanikiwa ni kumletea mwenye nyumba mpangaji mwingine wa kumalizia miezi yako, yeye akakulipa wewe. Fanya hivyo kwa idhini ya mwenye nyumba, tena ya maandishi. Mkataba mwingi unakataza kumpangisha mtu wa tatu, na yule uliyemwingiza kimyakimya ndiye atakayekuletea mjumbe mlangoni huko ulikohamia.

Mgeni huyo akiingia tarehe 20 Agosti, yeye ananunua siku kuanzia 20 Agosti hadi 16 Oktoba. Hesabu ni ile ile kinyumenyume, na lazima jumla ya aliyetoka na aliyeingia irudi 1,200,000. Isiporudi, mmoja wenu kasahau ile "ongeza moja".

Kodi ikipanda katikati

Kwa ufupi: kama umeshalipa miezi sita kwa bei ya zamani, bei mpya ikusubiri mpaka hiyo miezi iishe, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Kama unalipa kila mwezi na mnataka kuigawa, kata siku pande mbili. Mwezi wa 20 Juni hadi 19 Julai, kodi inapanda kutoka 180,000 hadi 200,000 tarehe 1 Julai: siku 11 kwa bei ya zamani, 180,000 × 11 ÷ 30 = 66,000; siku 19 kwa bei mpya, 200,000 × 19 ÷ 30 = 126,667. Jumla 192,667. Mwenye nyumba mwenye busara ataipandisha kuanzia 20 Julai na kuokoa maneno.

Siku za kujishikiza

Miezi imeisha 16 Oktoba, fundi kwenye nyumba mpya bado anapiga plasta, unaomba hadi tarehe 25. Ni siku 9 za mwezi unaoanza 17 Oktoba, wenye siku 31: 200,000 × 9 ÷ 31 = 58,065. Omba kabla ya tarehe 16. Ukishavuka bila kusema, mwenye nyumba ana kila sababu ya kukwambia mwezi umeanza, lipa mwezi.

LUKU na maji, pale watu wanaposahau

Kodi mmemaliza vizuri, mnashikana mikono, halafu bili ya maji inakuja.

Umeme wa LUKU, ule wa kununua kabla ya kutumia, unajihesabu wenyewe kama kila mpangaji ana mita yake: piga picha ya uniti zilizobaki siku ya ufunguo, basi. Ila kuna kodi ya jengo, ile ya serikali. Tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba ikikaa miezi minne bila mtu kununua umeme, deni linalimbikizwa, na mpangaji mpya akinunua kwa mara ya kwanza anakatwa 6,000 za miezi ambayo hakuwa anaijua hata njia ya kufika hapo. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Tunza ujumbe wa manunuzi, unaonyesha makato, na uyatoe kwenye kodi yako ya kwanza baada ya kupatana naye. Elfu sita si hela ya kuvunja undugu, lakini mwombe, usikae nayo moyoni.

Maji ya pamoja yanahitaji hesabu kidogo. Wengi hugawa bili kwa idadi ya wapangaji, na mgeni aliyeingia tarehe 12 anabeba maji ya siku 11 ambazo alikuwa kwao Mbagala. Haki yake iko hivi. Nyumba ina wapangaji sita, bili ya Machi ni 42,000. Watano wamekaa siku zote 31, hizo ni siku 155. Mgeni amekaa 20. Jumla siku 175. 42,000 ÷ 175 = 240 kwa siku. Mgeni analipa 240 × 20 = 4,800. Wengine kila mmoja 240 × 31 = 7,440. Rudisha ujumlishe: 37,200 na 4,800, ni 42,000. Kama mnagawa kwa vichwa badala ya milango, hesabu siku za kila kichwa kwa mtindo huo huo, na jiandaeni kubishana kama mtoto wa miezi mitatu ni kichwa. (Nepi za kufua anazo. Mimi nasema ni kichwa.)

Takataka na mlinzi, kama mnachangia kwa mwezi, sisi hatugawi. Aliyeingia kabla ya tarehe 15 anachangia, baada ya hapo anaanza mwezi unaofuata.

Kama ni fremu ya biashara

Kampuni inapopanga fremu huzuia asilimia 10 ya kodi na kuipeleka mamlaka ya mapato, TRA, kwa niaba ya mwenye nyumba. Kwenye mwezi pungufu, asilimia hiyo hukatwa kwenye kiasi pungufu, si kwenye kodi ya mwezi mzima. Fremu ya 400,000 kuanzia 10 Juni ni siku 21 kati ya 30: 280,000. Zuio ni 28,000, mkononi 252,000. Mwenye nyumba aombe hati ya zuio. Bila hiyo atakuwa na kazi ya kueleza zile 28,000 zilikokwenda.

Hatua ya mwisho: andika kabla ya kulipa

Usiende na jibu peke yake. Peleka hesabu yote, ili mwenzako akiona kosa aonyeshe mstari. Mpangaji anaweza kuandika hivi:

"Shikamoo mama. Ni mimi wa chumba cha uani. Kama tulivyoongea, naingia tarehe 12 Machi na kuanzia Aprili nitakuwa nalipa kila tarehe 1. Machi nimehesabu siku 20, kuanzia 12 hadi 31 zote mbili zikiwemo. 150,000 × 20 ÷ 31 ni 96,774, nimeifanya 96,800. Nikituma leo nitaweka na ya kutolea. Kama kuna nilipokosea naomba unielekeze kabla sijatuma."

Na mama wa kwetu, akishanipa simu nimsomee, hujibu kwa sauti maana hapendi kuandika: "Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Tuma." Halafu ananigeukia, "Na wewe andika kwenye daftari. Usiandike Machi. Andika tarehe 12 mpaka 31."